Tukihama, shule ya kijiji itafungwa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa sita ya usiku. Watoto wamelala, baba yao amelala, alfajiri anawahi mabanda ya nguruwe. Nje ni digrii 31 chini ya sifuri na upepo unapiga ukuta kama mtu anayebisha hodi. Nisipoandika leo najua sitaandika tena.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kongo. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, nilifika nikiwa na miaka minne, mgongoni kwa mama. Nilisoma pale, nikaolewa pale, nikazaa pale watoto watatu. Novemba 2017 tukaletwa Kanada, mkoa wa Saskatchewan. Hatukuletwa na serikali, Shangazi. Tuliletwa na kanisa la kijiji kimoja kidogo. Watu kumi na mmoja, wengi wastaafu, walichanga pesa kwa miaka miwili, wakauza keki, wakauza mitamba, ili watutoe kambini sisi ambao hawakuwahi kutuona hata kwa picha. Siku tuliyofika, kitandani kwa kila mtoto kulikuwa na koti la baridi limeandikwa jina lake. Jina la wa pili walikuwa wamelikosea herufi moja. Mpaka leo koti lile sijalitupa.

Kijiji nisikitaje. Kibao cha barabarani kinasema watu 140, lakini tukihesabu tuko 88. Kuna kanisa, posta inayofunguliwa asubuhi tu, ukumbi, uwanja wa barafu, na shule. Duka lilifungwa mwaka 2020. Reli iling'olewa kabla hatujafika, umebaki mstari wa majani marefu unaokwenda mpaka macho yanapochoka. Ukisimama nje ya nyumba yangu unaona ngano, kanola, dengu, na mbingu. Mwaka wa kwanza nililia kwa kukosa kilima.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji wa kilomita 40 kutoka hapa. Jengo lenyewe lilikuwa hospitali, wazee wanasema ilifungwa 1993. Mtoto wangu wa nne nilikwenda kumzalia Saskatoon, saa mbili kwa gari. Basi hakuna. Aliyenifundisha kuendesha gari ni jirani yetu, mjane wa miaka 84, watoto wangu wanamwita Bibi. Alinifundishia shambani, ngano ikiwa imeshavunwa, akaniambia humu hakuna cha kugonga. Sasa yeye macho yake ya usiku yamepungua, mimi ndiye nampeleka kwa daktari.

Shida ni shule. Ina watoto 29, kuanzia chekechea hadi darasa la nane. Watatu ni wangu. Mkubwa, binti wa miaka 15, anapanda basi la shule dakika 50 kwenda sekondari na dakika 50 kurudi. Tangu vuli bodi ya elimu inaipitia shule yetu ione kama ifungwe. Kwenye mkutano wa mwezi wa kumi na moja mzee mmoja alisimama akasema, "Familia yetu ya Afrika ikibaki, namba tunazo." Ukumbi mzima ukageuka kututazama, wanatabasamu. Mimi nilitabasamu pia. Mume wangu alitoka nje akakaa ndani ya gari.

Tangu siku hiyo anataka tuhamie Edmonton, mkoa wa Alberta, kwa kaka yake. Huko kuna kanisa la Wakongo, kuna watu wa kwetu, sombe na ndagala vinauzwa dukani. Anasema, "Mimi si jiwe la mizani." Miaka saba hajaongea Kibembe na mwanamume mwenzake ana kwa ana. Mimi namwambia subiri mkutano wa mwisho, Machi. Tunagombana kwa sauti ya chini watoto wasisikie, lakini wanasikia. Juzi binti akaniuliza, "Mama, watoto wao wenyewe wameondoka. Kwa nini sisi ndio tubaki?" Sikuwa na jibu.

Nyumba tuliinunua 2020 kwa dola 24,000 na hakuna wa kuiuza. Kuna aliyetuambia pia kwamba tukihama mkoa makaratasi yetu yataingia matatani, kwa sababu tuliletwa kwa jina la kijiji hiki. Bibi nilimdokezea kidogo tu kuhusu Edmonton. Akasema anaelewa, kisha hakunipigia simu wiki mbili.

Shangazi, watu hawa walinitoa kambini. Nikiondoka na shule ikafungwa, si nitakuwa nimewalipa shukrani ya punda? Sitaki wanangu wakue wakijua mama yao ndiye aliyezima taa ya kijiji kilichowaokoa. Nifanyeje?

Mama wa watoto wanne, Saskatchewan


Marahaba, mwanangu.

Nianze na makaratasi, maana mtu aliyekulia kambini hofu hiyo haimtoki kirahisi. Aliyewaambia kwamba mtapata matatizo amekosea. Ninyi ni wakazi wa kudumu tangu siku mliyotua. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, ulio ndani ya katiba ya 1982, kinampa raia na mkazi wa kudumu haki ya kuhamia mkoa wowote, akaishi na kutafuta riziki humo. Waliowadhamini walitia saini kuwatunza miezi 12. Miaka yote iliyofuata wameifanya kwa mapenzi yao, na mapenzi hayana mkataba wa kumfunga mtu. Na kama hamjaomba uraia, ombeni mwezi huu. Wanadai siku 1,095 za kuwa ndani ya Kanada katika miaka mitano ya karibuni, nanyi mlizipita zamani. Siku ya Saskatchewan na siku ya Alberta zina uzito mmoja.

Sasa swali la binti yako. Nimelisoma mara tatu, kwa sababu ndilo swali lenyewe la barua yako, na yeye ameliona kabla ya watu wazima. Watoto wa wenyeji waliondoka. Kwa nini? Ukilijua hilo, mzigo mkubwa utashuka kichwani pako.

Kijiji chako hakikuota kama vijiji vya kwetu, penye kisima au penye kaburi la babu. Kilipangwa mezani. Sheria ya ardhi ya Kanada ya 1872 ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi akae na alime. Reli zikaja, na stesheni zikawekwa kila maili nane hadi kumi hivi, kwa sababu moja tu: mkulima mwenye gari la farasi lililojaa ngano aweze kwenda, ashushe mzigo, na arudi kwake siku hiyohiyo. Kwenye njia moja ya kampuni ya reli ya Grand Trunk Pacific, huko huko Saskatchewan, vituo vilipewa majina kwa kufuata alfabeti: Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher. Kila kituo kikapata ghala lake refu la mbao, duka, kanisa na shule. Miaka ya 1930 maghala hayo yalizidi 5,700 katika mikoa mitatu ya nyanda zile.

Basi umbali wa vijiji vyote hivyo ulipimwa kwa miguu ya farasi. Farasi akaondoka. Lori likaja, likaweza kupita vijiji vinne bila kusimama. Trekta likaja, halafu kombaini, mashine ya kuvunia, na mtu mmoja na mwanawe wakaweza kulima kilichokuwa kinalimwa na familia kumi. Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000. Sensa ya 2021 ilikuta 34,128. Ardhi ile ile, ngano ile ile, ila shamba limemezwa na jirani mpaka wastani wake umepita ekari 1,700. Ukiona taa moja tu usiku kutoka barabarani, kumbuka kwamba hapo palikuwa na taa nne au tano, na kila taa ilikuwa na watoto wa kupeleka shule.

Watu wa mkoa mzima walikuwa 931,547 mwaka 1936. Miaka 15 baadaye walikuwa 831,728. Ukame na vumbi la miaka ya thelathini viliwafukuza wengi, vita ikawachukua wengine, mashine ikamalizia. Mkoa umejaa tena tangu hapo na kupita milioni moja, lakini walioongezeka wako miji mikubwa, Saskatoon na Regina. Hospitali yenu iliyofungwa 1993 haikuwa peke yake: mwaka huo serikali ya mkoa ilifunga au kugeuza hospitali 52 za vijijini. Mwaka 1995 serikali ya Kanada ikafuta ruzuku ya kusafirisha nafaka kwa reli, na baada ya hapo njia ndogo nyingi ziling'olewa na maghala ya mbao kubomolewa. Mabasi ya mkoa yalisimamishwa tarehe 31 Mei 2017, miezi sita kabla hamjatua.

Niambie, mwanangu: katika hayo yote, watoto wako watatu wako wapi?

Nimeyaeleza kwa urefu makusudi. Mtu mwema akiingia kwenye nyumba inayobomoka hudhani ufa umeanza siku aliyoegemea ukuta. Shule hiyo ikifungwa, itakuwa imefungwa na farasi, lori, kombaini, reli na hesabu za bodi, kazi ya miaka 90. Watoto watatu hawawezi kuifunga. Hawawezi kuifungua pia. Wakibaki, mwakani mmoja anamaliza darasa la nane, wanabaki wawili, na bodi itarudi na daftari lake.

Na neno moja zaidi kuhusu hilo la kijiji kufa. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya stesheni. Wakree na majirani zao waliingia mikataba na Malkia wa Uingereza, wa 4 mwaka 1874 na wa 6 mwaka 1876, wakasukumwa kwenye maeneo madogo ili ngano ipate nafasi. Wamepitia njaa na mateso yasiyosimulika, na bado wapo, na watoto wao leo ni wengi. Kijiji chako kina miaka mia moja na kitu. Kinachokwisha ni mpango wa reli. Nchi yenyewe itaendelea kuwa na watu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, Korogwe. Wazazi wangu walitoka Kasulu, huko huko ilipo Nyarugusu yako. Waha walichukuliwa kwa mikataba kwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zaidi ya 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Unajua mkonge ule ulikwenda wapi? Sehemu kubwa ilisokotwa kamba za kufungia miganda ya ngano na marobota ya nyasi kwenye mashamba ya Ulaya na Amerika. Kisha kombaini, inayokata na kupura papo hapo, ikafanya mganda usihitajike, na marobota yakaanza kufungwa kwa kamba za plastiki. Yapo na mengine, bei, utaifishaji wa 1967, lakini mashine iliyompunguzia Bibi yenu majirani ilimpunguzia na baba yangu kazi. Ndiyo maana nilipofika kwenye mstari wako wa majani marefu palipokuwa na reli nilisimama kusoma kwa muda. Kwetu kilikuwa kireli kidogo cha kubebea mkonge, na majani yalikuwa yale yale.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango cha kambini. Wenzake walipoanza kurudi Kigoma au kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, yeye alisema, "Nikiondoka mimi, kigango kitakufa." Tukabaki miaka mitano zaidi. Shule ya kambi ilibaki na walimu wawili, halafu mmoja. Kaka yangu aliacha masomo pale, na hakuwahi kuyarudia. Kigango kilikufa hata hivyo. Baba sikumlaumu akiwa hai, na sasa amelala Korogwe, lakini kila mzazi anayeniandikia kwamba anabaki mahali ili mahali pasife, namwona yeye amesimama mlangoni pa kanisa la mabati akihesabu waumini.

Kwa hiyo maoni yangu hayana maficho. Hameni. Si usiku wa kuamkia kesho, si kwa hasira ya ukumbini, na si lazima Edmonton. Lakini hameni mwaka wa masomo ukiisha Juni, ili watoto waanze Septemba kwenye darasa jipya pamoja na wengine, na binti yako awe na miaka yake ya mwisho ya sekondari bila kupoteza dakika 100 kila siku ndani ya basi.

Nisikilize kuhusu mumeo. Yule mzee aliyesimama mkutanoni hakuwa na ubaya, alikuwa mtu anayezama na ameona ubao. Lakini mkwe wangu hakukosea alivyosikia. Mtu aliyehesabiwa miaka ishirini kwa ajili ya mgao wa unga anajua jinsi kuhesabiwa kunavyouma, hata anayehesabu akiwa anatabasamu. Na hiyo miaka saba bila kuongea Kibembe na mwanamume mwenzake, usiipite haraka. Wewe una wazee wako kazini, una Bibi, una akina mama wa kanisa. Yeye ana nguruwe na barabara. Mwanamume wa kwetu hatakwambia "nina upweke"; atakwambia ndagala zinauzwa Edmonton.

Ila Edmonton anayoijua ni ya simuni kwa kaka yake. Kabla ya lolote, nendeni wikiendi moja Februari, baridi ikiwa kali, si Julai watu wakiwa na nyama choma bustanini. Ulizeni kodi ya nyumba ya vyumba vitatu. Muulizeni kaka yake anafanya saa ngapi kwa wiki na anawaona watoto wake lini. Wewe nenda na cheti chako cha kutunza wazee, uulize kwa waajiri wenyewe kama kinakubalika huko au utarudi darasani. Halafu, siku nyingine, fanyeni hivyo hivyo Saskatoon. Wakongo na Warundi wapo Saskatoon pia, ibada za Kiswahili mtazipata, na mko saa mbili tu kutoka kwa Bibi. Mimi kwa moyo wangu naelekea Saskatoon. Ila mkwe asije akahisi ameshindwa kesi. Nendeni kote kuwili pamoja, mkae kwenye meza za watu, mle, msikilize, ndipo mseme.

Nyumba. Dola zile 24,000 msizisubiri zirudi, mtakaa miaka kumi mkizisubiri. Mmeishi humo tangu 2020 bila kulipa kodi ya mwenye nyumba, nyumba imeshawalipa. Jaribuni kuiuza kwa bei yoyote ya heshima, au kuipangisha kwa mfanyakazi wa shambani, au mwaulize watu wa kanisa kama wanafikiria kudhamini familia nyingine. Msichopaswa kufanya ni kuifunga na kuondoka. Nyumba tupu yenye maji kwenye mabomba haimalizi baridi moja, mabomba hupasuka na sakafu huoza, na kijiji cha watu 88 kitabaki na gofu la kubomoa kwa pesa ambazo hakina. Ikibidi ikae tupu, mwiteni fundi atoe maji yote, na kodi ya kijiji mwendelee kuilipa. Hiyo, mwanangu, ndiyo shukrani inayoonekana. Hapo ndipo punda na mtu wanapoachana.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeitafakari sana methali hii kwa ajili yako. Wao waliwaita, na wamepona kwa namna nyingi: wazee wanaogeshwa na mikono yako, shule imeongezewa miaka, kanisa limepata watoto wa kuimba. Methali haisemi mgeni akae mpaka afe ili mwenyeji asiugue tena.

Sasa naja kwenye sehemu ngumu, na hapa sitakubembeleza. Mkishaamua kuhama, waambieni kabla ya mkutano wa Machi.

Najua unachofikiri. Ukisema kabla, namba zitashuka kutoka 29 hadi 26 na bodi itapata sababu. Ukinyamaza, labda shule inapewa mwaka mmoja zaidi, nanyi mnaondoka Juni kimya kimya. Lakini wazazi wa wale 26 watakuwa wamekataa nafasi kwenye shule nyingine kwa kuwategemea ninyi. Kuna mwalimu atakuwa amekataa kazi. Kuna mtu atakuwa ametengeneza paa. Tumaini lililojengwa juu ya siri yako litakapoanguka litawaumiza kuliko ukweli, na ndipo utakapojiona umezima taa. Watu waliowaandikia watoto wako majina kwenye makoti wanastahili kujua idadi ya kweli.

Mtu wa kwanza kuambiwa ni Bibi. Nenda nyumbani kwake, mezani kwake, si kwa simu. Zile wiki mbili za kimya usizisome kama hasira. Mwanamke wa miaka 84 katika nyanda hizo ameshafungasha masanduku ya watu wengi: majirani, watoto wa majirani, na kwa vyovyote walio wake. Nadhani alihitaji siku hizo akae na jambo lenyewe kabla ya kukusikia ukilisema. Usimwahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Mwambie nani atampeleka kwa daktari baada ya Juni, na hilo mlipange naye pamoja, majina na siku, kabla hujaanza kufungasha hata sahani. Muulize kama kuna watoto wake wa kupigiwa simu. Na muulize yeye mwenyewe anataka nini, kwa sababu katika barua yako yote kila mtu anamhurumia na hakuna aliyemuuliza. Pengine naye anafikiria ule mji wa kilomita 40, kwenye nyumba unayofanyia kazi, na anaogopa kukwambia asije akakufanya ujisikie umefukuzwa.

Wa pili ni wale kumi na mmoja wa kanisani, waliobaki hai. Mumeo awepo. Aongee yeye kwanza, kwa Kiingereza alichonacho, wala usimsahihishe.

Watoto nao waambieni mapema, wote wanne kwa mara moja. Msiwaambie "ni siri". Wamekulia kwenye kijiji ambacho mtu akinunua tairi kila mmoja anajua. Na binti mkubwa mpe jibu lake. Mwambie aliuliza vizuri, na kwamba watoto wa wenyeji hawakuondoka kwa kukosa mapenzi, waliondoka kutafuta kile kile anachokitaka yeye. Nadhani itampunguzia hasira aliyonayo juu ya kijiji hicho, maana kwenye swali lake nimeisikia.

Kisha nendeni kwenye mkutano. Ndiyo, nendeni, ingawa mtakuwa mmeshasema mnahama. Hamko pale tena kama namba, na ndiyo sababu mtasikilizwa. Bodi itakuja na karatasi za gharama kwa kila mtoto na kilomita za basi, na hakuna kwenye karatasi hizo panapoandikwa kilichotokea ndani ya madarasa yale. Wewe unakijua. Watoto watatu walifika bila neno moja la Kiingereza, mmoja wao bado mchanga. Nani aliwafundisha? Darasa lenye watoto wa umri tatu tofauti lilimsaidia nini mtoto wako wa pili? Nani alimfunga kamba za viatu vya kuteleza kwenye barafu siku ya kwanza? Andika kwa Kiswahili kwanza, upate maneno yako, halafu binti akusaidie kutafsiri, na wewe usome, dakika tano zinatosha. Huenda shule ikafungwa pamoja na hayo. Lakini watoto 26 watakuwa wamesikia mbele ya wazazi wao kwamba shule yao ilikuwa shule kamili, na watakwenda nalo hilo kwenye basi.

Mkutano ukiisha, mpeleke Bibi nyumbani wewe mwenyewe. Barabara za Machi huwa na maji juu na barafu chini, na umesema macho yake ya usiku yamepungua.

Shangazi